Chuo cha Udaktari Nilichomchagulia Deo

Kila matokeo ya kidato cha sita yakitoka, wanangu, mnakuja kwangu hapa Bigwa na simu mkononi. Mnavua viatu mlangoni, mnaniamkia, mnakaa, na maswali yanaanza. Chuo kipi cha udaktari kina hospitali kubwa? Kipi watu wanadisko sana, yaani wanaondolewa kwa kufeli, mwaka wa kwanza? Kipi wahadhiri wake hawakosi vipindi? Nawajibu ninavyojua. Kisha mnaaga, na mmoja wenu, akiwa ameinama anafunga kamba za viatu, ndipo anauliza bila kuniangalia usoni:

"Madam, na maisha ya kule yakoje?"

Wakati mwingine anaongeza kwa sauti ya chini kwamba kuna mtu wake amepata chuo kingine.

Najua kuwa hilo ndilo swali lililowatoa nyumbani. Mengine yote mngeweza kuyasoma kwenye simu. Mnaona haya kuniuliza mimi mwanamke mtu mzima habari za wachumba, na mnaogopa nitawacheka. Mna haki ya kuogopa. Zamani nilikuwa nacheka.

Nimefundisha Baiolojia miaka thelathini na mmoja hapa Morogoro, na kwa zaidi ya nusu ya miaka hiyo nilikuwa mwalimu wa ushauri. Kazi hiyo niliirithi kwa Mwalimu Kibwana, mtu mfupi, mpole, aliyekuwa akijaza fomu za wanafunzi kwa penseli kwanza. Alisema kijana akishakula chakula cha mchana hubadili mawazo, na wino haufutiki. Siku moja nilimkuta amemwandikia kijana wetu aliyefaulu vizuri kabisa chuo ambacho mimi nilikiona cha kawaida, eti kwa sababu binamu yake na vijana wawili wa mtaani kwao walikuwa huko. Nilimwambia mbele ya walimu wengine kwamba anapoteza kichwa kile.

Hakukasirika. Aliniambia tu, "Asha, udaktari ni miaka mitano. Mtu hawezi kusoma miaka mitano bila kucheka na mtu."

Nilidhani uzee unamwanza.

Baadaye, yeye alipokwisha kustaafu, nilimpata Zuhura. Msichana yule alikuwa na akili mpaka nikawa naandaa vipindi vyake kwa hofu. Alichaguliwa vyuo viwili, akaenda kile alikokuwepo Hamisi, kijana aliyemtangulia mwaka mmoja. Kufika mwezi wa pili, Hamisi alikuwa na msichana mwingine. Ningeomba mlifikirie jambo hili vizuri. Ukiachwa mtaani unaweza kubadili njia ya kwenda sokoni. Ukiachwa chuo cha udaktari, mtu yule yumo kwenye foleni ya chakula, yumo maktaba, na baadaye yumo wodini, na mnasalimiana mbele ya mgonjwa. Zuhura alipata sapu mbili, yaani mitihani ya marudio, nazo zikamshinda, akarudia mwaka. Alinipigia simu akilia hadi nikashindwa kumwelewa.

Leo ni daktari wa wilaya na analicheka jambo lile. "Madam," aliniambia hivi karibuni, "yule kaka nilimkariri kuliko mishipa ya damu."

Ila kuna kitu kingine aliniambia tangu wakati ule, na mimi sikukizingatia. Alisema kilichomwinua ni wasichana watatu aliokuwa akipika nao maharage kwa zamu. Walimbeba. Walikuwa wakija kumwamsha, wanamkokota kwenda kwenye diskasheni hata akiwa hajaoga. Mimi nilisikia habari ya Hamisi tu. Nikajiwekea sheria: mapenzi hayaingii kwenye kuchagua chuo. Niliitangaza darasani kila mwaka, na wanafunzi waliipenda kwa sababu niliisema kwa vichekesho.

Kwa sheria hiyo ndipo nilipomharibia Deo.

Deo alitoka kijiji kimoja juu ya Matombo, mtoto pekee wa mama aliyekuwa akilima migomba na mdalasini. Alikuja kwetu kidato cha tano, mrefu, mkimya, mwenye mikono mikubwa iliyokuwa ikishika wembe wa maabara kwa ulaini wa ajabu. Tulipopasua panya, wengine walikuwa wakichana utumbo. Deo alikuwa akiufungua kama mtu anayefungua bahasha ya barua ya mtu mwingine. Nilijua siku hiyohiyo kwamba huyu ni daktari.

Hakuwa akiongea. Ungemuuliza swali angejibu sawasawa, kisha angenyamaza hadi umuulize tena. Mtu mmoja tu ndiye aliyekuwa akimfungua: Neema, msichana wa Mafiga, binti wa fundi cherehani, mwenye sauti iliyofika ofisi ya walimu kabla yake. Walikuwa wakikaa kwenye benchi nyuma ya maabara na madaftari yao. Neema akiuliza, "Deo, umekula?" Deo alicheka, na hapo tu ndipo ungemsikia akicheka. Kukiwa na Neema, Deo alizungumza na wenzake, alicheza mpira, alibishana. Neema akiwa hayupo, Deo alikaa pembeni kama mgeni.

Haya yote niliyaona kwa macho yangu. Nikayaita usumbufu.

Matokeo yalipotoka, Deo alipata daraja la kwanza la juu kabisa. Akachaguliwa vyuo viwili vya udaktari, akawa anatakiwa kuthibitisha kimoja. Kimoja kilikuwa Dar es Salaam. Neema alikuwa amepata famasia huko huko, na wenzao wanne wa darasa letu walikuwa wanakwenda. Kingine kilikuwa upande wa pili wa nchi, safari ya basi ya kutwa nzima na zaidi. Sitakitaja, maana hakikufanya kosa. Nilikipenda kwa sababu kilikuwa na wanafunzi wachache na hospitali kubwa, na niliamini huko mwanafunzi anashika wagonjwa mapema.

Deo alikuja ofisini na simu yake ya kitochi isiyoweza kufungua tovuti. Walikuwepo wanafunzi wengine sita au saba wakisubiri zamu.

"Madam, nataka cha Dar," alisema.

"Kwa sababu gani?"

Akawatupia jicho wale waliokuwa wakisubiri. Kisha akasema, "Kule nina watu."

"Watu, au mtu?"

Wenzake wakaguna. Yeye hakutabasamu.

"Madam, mimi najijua. Nikikaa peke yangu huwa nanyamaza mpaka nasahau kuongea."

Haya maneno aliyasema kijana aliyekuwa hasemi. Kama ningekuwa mwalimu kweli siku ile, ningewatoa wale wengine nje, nikafunga mlango, nikamwambia aendelee. Badala yake nilitafuta kichekesho.

"Hata maiti za anatomia haziongei," nikamwambia. "Mtaelewana vizuri sana."

Walicheka hadi wakashikana mabega. Deo naye alicheka kidogo, kwa adabu, kwa kuwa ni mwalimu wake aliyetania. Nikamwambia awe daktari kwanza, wachumba watapanga foleni. Nikachukua simu yangu mwenyewe, nikafungua ukurasa wa kuthibitisha chuo kile cha mbali, nikamwambia anisomee namba ya siri aliyotumiwa. Alinisomea polepole, tarakimu moja moja, na mimi nikabonyeza. Nilimpa mkono wa hongera. Neema alikuwa nje kwenye ngazi. Deo alipotoka, nilimwona kupitia dirisha akimtazama usoni, kisha akakaa chini pale pale.

Mwaka wa kwanza ulipita. Deo alinitumia ujumbe mara mbili tatu, wa heshima, mfupi: shikamoo Madam, nimefaulu, asante kwa ushauri wako. Niliwasomea kidato cha sita ujumbe ule kama ushahidi wa sheria yangu.

Mwaka wa pili hosteli za chuo zilijaa, wanafunzi wengi wakatafuta vyumba nje. Waliokuwa na marafiki walipanga wawili wawili. Deo alipanga peke yake, nyumba ya wafanyakazi waliokuwa wakitoka asubuhi na kurudi jioni, kila mtu na mlango wake. Hakuwa na kikundi cha kusomea. Alikuwa akisoma vizuri bila kikundi, kwa hiyo hakuna aliyeona tatizo. Neema alikuwa akimpigia simu kila siku mchana baada ya kula, na naamini kuna siku nyingi ambazo Deo hakuzungumza na mtu mwingine yeyote.

Jumamosi moja nilikuwa nafua nguo uani. Neema akanipigia.

"Shikamoo Madam. Samahani. Deo hapokei simu tangu jana. Jana alisema kichwa kinamuuma."

"Si wako kwenye wiki za kujisomea kabla ya mtihani?"

"Ndiyo, lakini..."

"Basi atakuwa anasoma. Mwache mwenzio asome, Neema."

Nikaendelea kufua.

Jumapili akapiga tena, mimi nikiwa nachambua mchele. Safari hii hakuamkia.

"Madam, simu inaita, inaita, mpaka inakatika. Hajawahi. Hata tukigombana huwa anapokea."

Nilimwambia apunguze wasiwasi, kwamba kijana wa kiume anahitaji nafasi yake. Nilimwambia, Mungu anisamehe, kwamba mwanamke anayempigia mwanafunzi wa udaktari mara kumi kwa siku atamfelisha. Akasema kwa sauti ndogo sana, "Sawa Madam." Aliniamini, kama Deo alivyoniamini.

Jumatatu asubuhi simu ya Deo ilikuwa imezimika. Neema alinipigia nikiwa ofisini, na safari hii alikuwa analia. Ndipo nilipoanza kutafuta namba ya mlezi wa wanafunzi wa chuo kile. Nilimpata. Alikuwa mtu mwema, alinisikiliza, kisha akaniuliza swali jepesi:

"Anakaa wapi huyu kijana?"

Sikujua. Nikampigia Neema, naye alijua jina la mtaa, hakuwahi kufika. Mlezi akamtafuta kiongozi wa darasa lao. Kiongozi akasema anamfahamu kwa sura, yule mrefu anayekaa mbele upande wa dirisha, lakini kwake hapajui. Wakauliza mmoja baada ya mwingine. Darasa zima la watu waliokuwa wanasomea kutambua ugonjwa, na hakukuwa na hata mmoja aliyejua mwenzao analala wapi. Siwalaumu. Kwa kuwa vipindi vilikuwa vimesimama, hakuna aliyekiona kiti chake kitupu.

Nyumba waliipata saa tisa alasiri. Mlango ulikuwa umefungwa kwa ndani, mwenye nyumba akauvunja. Deo alikuwa sakafuni kati ya kitanda na ndoo ya maji, anapumua, hajitambui. Mezani palikuwa na pakiti ya dawa za malaria aliyokuwa ameimeza nusu. Alijipima mwenyewe, akajitibia mwenyewe, kama wanavyofanya wanafunzi wote wa udaktari. Halafu homa ikampanda kichwani, na mtu akishafika hapo hawezi tena kujua kwamba amezidiwa. Anahitaji mtu mwingine wa kuliona hilo. Kutoka pale hadi hospitali ya kufundishia ni dakika kumi kwa miguu.

Alifariki Jumanne asubuhi. Daktari aliniambia kwenye simu kwamba kama angeletwa Jumamosi angeweza kupona. Hakujua anamwambia nani.

Sasa mnajua kwa nini siku hizi nikiona mtu anainama kufunga viatu namwambia akae tena, tuzungumze hilo swali vizuri. Na nawaambia hivi. Mchumba wako mweke kwenye mizani, usimfiche. Ila jiulize: huyu mtu akiniacha mwezi wa kwanza, chuo hiki bado nitakitaka? Ukiona jibu ni hapana, ujue unamfuata mtu tu, na kumbuka Zuhura. Kisha ujiulize wewe ni mtu wa namna gani. Wapo wanaoshuka kwenye basi mahali wasipojua na jioni wana marafiki watano. Watu wa namna hiyo waende popote. Lakini kama wewe ni wa kunyamaza, na unajijua, basi chuo ambacho una watu ni chuo bora kwako hata kama jina lake ni dogo. Hospitali kubwa haina faida kwako ukiwa sakafuni ndani ya mlango uliofungwa.

Mtafute mwanafunzi wa mwaka wa pili wa chuo unachokitaka. Usimuulize habari za mitihani, atakutisha bure. Muulize Jumapili iliyopita alifanya nini na alikuwa na nani. Akikosa jibu, mpe pole na uwaulize wengine wawili. Muulize mwaka wa pili wanalala wapi. Na ukifika, iwe kwaya, iwe msikitini, iwe mpira, iwe sufuria ya maharage, ingia mahali ambapo watu watakuuliza jana ulikuwa wapi. Nyumbani uache namba ya jirani yako wa mlango wa pili. Mzazi akiona namba hiyo ni upuuzi, mlete kwangu.

Mwalimu Kibwana nilimfuata kwake Kilosa kumweleza. Alikuwa haoni vizuri tena. Alinishika mkono, akauliza jina la kijana, akalirudia, basi. Ningependa angenigombeza.

Mazishi sijawasimulia. Mwili uliletwa kwa gari, na mvua zilikuwa zimeharibu barabara ya Matombo, kwa hiyo vijana walibeba jeneza sehemu ya mwisho kwa mabega, wakipokezana kwenye utelezi. Nilipanda nyuma yao nimeshika kanga yangu. Neema alikuwa mbele yangu na wala hakugeuka. Wanafunzi wenzake Deo wa chuo walituma wawakilishi wawili, na nilimsikia mmoja akimuuliza mwenziwe kama marehemu alikuwa anapenda mpira.

Baada ya kuzika, mama yake aliomba nipelekwe kwake ndani. Alikuwa amekaa kwenye mkeka na wanawake wa ukoo. Aliponiona alitaka kusimama, wakamzuia. Alinishika mikono yote miwili.

"Mwalimu," alisema, "nakushukuru. Wewe ndiye uliyemfikisha mwanangu chuo kikuu. Alikuwa anakutaja kila akija likizo."

Ningeweza kuipokea ile shukrani na kuondoka nayo. Hakuna ambaye angejua, isipokuwa Neema, na Neema asingesema. Nilipiga magoti pale mlangoni, nikamwambia. Nilimwambia kwamba mwanawe alitaka chuo kingine, alikokuwa na wenzake na binti aliyempenda. Kwamba aliniambia mwenyewe kuwa upweke haumfai, nikamtania watu wakacheka. Kwamba binti yule alinipigia simu Jumamosi, akanipigia Jumapili, na mimi nikamnyamazisha.

Wanawake waliacha hata kupepea nzi. Mama Deo aliachia mikono yangu taratibu, akaiweka yake mapajani.

"Huyo binti," akauliza mwishowe, "amekuja?"

"Amekuja. Yuko nyuma, anaosha vyombo."

"Niitieni."

Neema aliingia mikono imejaa povu la sabuni, akapiga magoti, akamwamkia. Mama Deo alimwangalia kuanzia kichwani hadi miguuni, polepole, kama mtu anayeangalia kitu alichokuwa akikisikia tu.

"Ni wewe uliyekuwa unampigia mwanangu?"

"Ndiyo, mama."

"Kila siku?"

"Kila siku."

"Alikuwa anakwambia nini?"

Neema alifungua mdomo, sauti ile ya kufika ofisi ya walimu haikutoka. Mama Deo akasogea kwenye mkeka, akamtengea nafasi upande wake wa kulia, akamvuta akakaa. Akamfuta povu mikononi kwa upindo wa kanga yake mwenyewe. Kisha wakaanza kuongea, chinichini, kwa muda mrefu, na kuna mahali nilisikia wamecheka kidogo na kulia pamoja.

Mimi nilikuwa nimeinuka kutoka magotini, nimesimama mlangoni. Hakuna aliyeniambia nikae, na hakuna aliyeniambia niondoke.